Baba katolewa njia ya haja kubwa, wiki ya 9 sasa kidonda cha nyuma hakifungi, ni kawaida?

KijanaWaSegerea aliandika:

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada hasa kwa aliyepitia hili au aliyeuguza mtu wa hivi, mana hapa nyumbani tumeshaanza kuchanganyikiwa.

Baba ana miaka 61, ni fundi cherehani, karibu maisha yake yote kakaa kwenye kiti anashona. Mwaka jana alianza kutoa damu chooni akawa anasema ni bawasiri tu, kakaa kimya nayo miezi mpaka akakonda ndo tukamlazimisha akapimwe, wakakata kinyama majibu yakaja ni kansa na iko chini kabisa karibu na tundu lenyewe. Akapiga mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road wiki 5, Jumatatu mpaka Ijumaa, jumla mara 25 na vidonge juu, akapumzishwa kama miezi miwili ndo akaingia upasuaji. Wakatoa utumbo wote wa mwisho pamoja na tundu la haja kubwa, pale nyuma wakashona pakafungwa kabisa, choo sasa kinatokea tumboni upande wa kushoto kwenye mfuko. Hiyo ya mfuko tuliambiwa mapema kwamba ni ya maisha, tukaikubali.

Sasa mshono wa tumboni umepona vizuri sana, nyuzi zilitoka hakuna shida yoyote. Mtihani ni huu wa nyuma. Wiki ya pili ukaanza kutoa maji mekundu mekundu, wiki ya tatu nyuzi zikaachia katikati pakafunguka, leo wiki ya 9 pana shimo, mdomo wake ni mdogo tu ila ndani linaenda mbali, nesi wa zahanati akisokomeza gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) inaingia inaingia mpaka unaogopa. Homa hana. Maji yanayotoka ni ya njano njano, sio mengi kama mwanzo lakini hayakauki, na kwa joto hili la Dar mchana mzee analowa jasho na maji ya kidonda kwa pamoja mpaka shuka tunabadilisha mara tatu.

Maswali yangu. Je hii ni kawaida au kuna kitu kimeharibika? Halafu kwanini hawamshoni tena, hili baba mwenyewe ananiuliza kila siku, anasema "mimi nguo ya mteja ikiachia naishona siku hiyohiyo, wao mbona wananiacha wazi". Kingine anasema kuna saa anasikia kabisa haja inambana kule nyuma, anataka kukimbilia chooni wakati tundu halipo, anahisi labda kansa imebaki ila anaogopa kumuuliza dokta. Na lini ataweza kukaa kwenye cherehani, mana wateja wanapiga simu na yeye roho yake iko kwenye ile mashine.

Samahani kwa maelezo marefu wakuu.

---

Mzee_Wa_Mfuko alijibu:

Mwanangu pole sana, na mpe pole baba. Mimi nilifanyiwa upasuaji huohuo mwaka 2017 nikiwa na miaka 58, kwahiyo ninachokwambia nimekilalia mwenyewe. Kidonda changu cha nyuma kilifunga mwezi wa 7. Sio wiki ya 7, mwezi wa 7. Kwahiyo wiki ya 9 kwa mtu aliyepigwa mionzi hamjachelewa, mko njiani.

Hili la haja kumbana mwambie asiogope hata kidogo. Mimi lilinitesa kuliko maumivu yenyewe, usiku naamka nakaa chooni dakika 20 nasubiri kitu ambacho hakiwezi kuja. Daktari wangu alinieleza kwamba utumbo umetolewa lakini mishipa ya fahamu iliyokuwa inaleta habari kutoka kule bado ipo na kichwa hakijazoea, kama vile mtu aliyekatwa mguu anavyosikia kidole kinawasha. Peke yake sio dalili ya kansa kurudi. Kwangu lilipungua polepole, na mpaka leo mara mojamoja nikichoka sana linakuja, najilaza kwa ubavu linapita. Lakini amwambie daktari, asikae nalo moyoni kama alivyokaa na ile damu. Tena kama yanakuja maumivu mapya makali au yanazidi wiki hadi wiki hilo ni jambo lingine, linatakiwa kuangaliwa.

Kukaa: mwanzoni nilikuwa nakaa dakika 10 hadi 15 kwenye mto laini wa kawaida kisha nasimama au nalala ubavu. Kosa nililolifanya mimi ni kununua ile mpira ya duara yenye tundu katikati, niliona ndio akili, kumbe ukiikalia matako yanavutwa huku na huku na kidonda kinapanuliwa, damu nayo haipiti vizuri. Nesi alipoiona aliitoa mwenyewe. Na kwenye kunyanyuka kitandani ageuke kwanza ubavu asukume kwa mikono, asijikunje kama anayetoka kwenye mkeka. Kuchuchumaa asahau kwa sasa. Bodaboda asipande kabisa, na bajaji kwenye zile barabara za ndani zenye makorongo dereva aambiwe aende polepole, ajilaze ubavu kiti cha nyuma.

Nina swali moja mwanangu na naomba unijibu kweli. Mzee anakula? Sio anasema amekula, wewe umemwona anamaliza sahani?

---

nesi_wa_vidonda alijibu:

Pole kaka. Nafanya kazi wodi ya upasuaji hapahapa Dar, vidonda vya namna hii navifunga kila wiki, ngoja nijaribu kujibu la kushona kwasababu swali la baba ni zuri sana na wagonjwa wengi wanalo wanaogopa kuuliza.

Mwambie hivi. Nguo ina pande mbili, ukizikutanisha zinakaa. Pale alipotolewa utumbo ni katikati ya mifupa ya nyonga, na mifupa haisogei kuja kukutana, kwahiyo likitolewa lile nyama lote nyuma yake panabaki uwazi ambao unajaa maji na damu. Juu mmeshona ngozi lakini ndani ni mfuko. Yale maji yanatafuta pa kutokea na mtu akisimama yanashuka kwenye mshono huohuo. Sasa ukiongeza mionzi, ambayo imefanya kazi yake kwenye kansa lakini pia imefanya mishipa midogo ya damu ya eneo lile kuwa myembamba na ngozi kuwa ngumu, halafu ni sehemu yenye jasho, halafu ndiyo unayoikalia. Ndo mana tumboni kupona na nyuma kuachia ni kitu tunachokiona sana, na sio lazima kuna mtu aliyekosea. Huu upasuaji wa kutolea juu na chini kwa pamoja daktari wa Uingereza Ernest Miles aliuandika mwaka 1908, na kwa muda mrefu sana madaktari walikuwa hawaufungi kabisa huu upande wa nyuma, wanaujaza gozi na kuuacha ujijaze wenyewe taratibu. Yani mnachofanya zahanati leo kilishafanyika miaka mia nyuma na watu wakapona.

Mkishona mdomo leo wakati ndani kuna vijidudu na mfuko haujajaa, mnafungia usaha ndani. Itakuwa homa, jipu, na kufungua tena. Kidonda hiki kinatakiwa kijae kutoka chini kuja juu, ngozi iwe ya mwisho kufunga. Kwahiyo na nyinyi msifurahie mkiona mdomo unazidi kuwa mdogo huku ndani bado kurefu, hapo ndo pa kumwambia daktari mapema.

Gozi: isisokomezwe ikakaza kama godoro, ni kulegeza tu iguse chini na pembeni. Itumike moja ndefu isiyokatwa, mkia wake ubaki nje. Vipande vipande havitakiwi kwasababu kimoja kikibaki ndani kidonda hakitapona milele na mtatafuta mchawi. Waliotoa wahesabu, walioweka wahesabu.

Kusafisha ni maji ya chumvi. Kama hamna ya dukani, chemsha maji nusu lita, weka chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, yapoe, yatumike siku hiyohiyo. Aoge kabisa, maji ya uvuguvugu yapite pale, haina shida, kisha akaushwe kwa kugusa sio kusugua. Spiriti na haidrojeni peroksaidi hapana, zinaunguza nyama changa ambayo ndo tunaisubiri. Dawa ya maumivu anywe nusu saa kabla ya kufungwa. Vinyweleo vya pembeni vinyolewe vizuri vinaingia ndani vinaleta shida.

Nyama nzuri ni nyekundu kama nyama ya buchani ya asubuhi, ina unyevu, ukigusa inatoa damu kidogo. Ya kijivu, nyeusi, au inayonuka sio. Na msisubiri kesho mkiona homa ya 38 kwenda juu, usaha mzito wa harufu, damu inayolowesha gozi moja baada ya nyingine, kitu kama utumbo kinatokeza, au mkojo au choo kinatoka kwenye kidonda. Hizo ni za kwenda hospitali usiku huohuo.

Akifika miezi 6 bado, madaktari huwa wanapiga picha kuangalia kama kuna mfuko uliobaki au kitu kingine, na zipo njia, kuna kusafisha upya, kuna mashine ya kunyonya, kuna kuleta nyama ya paja au ya tumbo kuziba. Ila mko mbali na huko. Sukari amepimwa? Anavuta sigara? Damu yake ilikuwa ngapi mara ya mwisho?

---

Mama Zuu alijibu:

Poleni jamani. Mimi nilimuuguza mume wangu, yeye kidonda kilichukua miezi minne na nusu. Watu walinishauri asali nikaweka ya mtaani ile ya chupa ya maji, siku mbili wakaja wadudu chungu kitandani na kidonda kikachafuka, niliumia sana kwasababu ni mimi niliyeiweka. Dada nesi hapo juu atasema vizuri zaidi.

Ninachotaka kusema ni kuhusu aibu. Umesema zahanati, je siku za Jumapili nani anamfunga? Mume wangu aliwakataa watoto wake wote, alikubali mimi tu, na kuna wakati na mimi alinikataa akasema afadhali ninuke kuliko mke wangu anione hivi. Nilikuwa nafanya hivi, namfunika kanga yote mpaka kichwani, nabakiza sehemu ya kidonda tu, na nawasha redio. Hatuongei kuhusu kidonda wakati wa kufunga, tunaongea habari za mpira au za mtaani. Baada ya wiki moja akazoea. Baba yako ni mzee wa heshima zake, mtafutie namna asijione mtoto mdogo.

---

nesi_wa_vidonda alijibu:

Mama Zuu ahsante kwa kusema la asali. Ipo asali ya vidonda iliyosafishwa kwa mionzi isiwe na vijidudu na inatumika kweli hospitali, ila ile ya chupa haijulikani ilikopita, kwenye kidonda kirefu namna hii isiwekwe. Na majani ya kutwanga vilevile, mwarobaini wenye udongo ukiingia ndani kule kuutoa ni kazi. Hukufanya vibaya kwa kukusudia mama, ulikuwa unampigania.

---

KijanaWaSegerea alijibu:

Wakuu nimesoma yote mara mbili na nimemsomea baba, la haja kumbana alikaa kimya muda alaf akasema "kumbe hata wenzangu". Mzee wangu shikamoo, sijui nikushukuru vipi.

Sasa kuhusu kula. Nilikuwa tayari kukuandikia kwamba anakula vizuri mana ndo tunavyojua, mama anampelekea chumbani sahani inarudi tupu. Swali lako likanikaa, jana nikakaa naye mpaka mwisho. Hali. Anakula vijiko vitatu vinne anasema ameshiba, na mdogo wangu wa mwisho anayeshinda naye ndo amekuwa anamalizia sahani zote miezi hii, walikubaliana wawili wasimwambie mtu. Nilipombana akaniambia ukweli, anaogopa mfuko kujaa. Siku moja ulifunguka mbele ya mgeni aliyekuja kumwona, toka siku hiyo akaamua akila kidogo utajaa kidogo. Mama amelia sana, anasema miezi yote anapika kumbe mgonjwa halishwi.

Sigara anavuta mbili tatu kwa siku kule nyuma kwenye banda, hilo tulikuwa tunalijua tukawa tunamwonea huruma. Sukari hana. Damu mara ya mwisho ilikuwa 8.9.

Zahanati wanamfunga kidonda siku zote isipokuwa Jumapili na Jumapili hafungwi na mtu, hataki.

---

Mzee_Wa_Mfuko alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimeuliza kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo. Tunafanya wengi, hatusemi.

Mwambie baba kwamba lile shimo linajazwa na nyama, na nyama hiyo haitoki kwenye gozi, inatoka kwenye sahani. Mimi nilianza kwa mayai mawili asubuhi, mchana samaki, mtoto wangu alikuwa anapita soko la samaki la Feri alfajiri, jioni supu ya pweza kikombe kimoja pale barabarani, dagaa, maziwa mgando. Chakula kidogo kidogo mara sita, sahani kubwa inamtisha. Maharage yana nguvu ila mwanzoni yanaleta gesi kwenye mfuko na kabeji pia, aanze kidogo aone mwili wake unasemaje.

Na mfuko wenyewe mtatue ule ulifunguka kwanini. Mara nyingi tundu la kibandiko limekatwa kubwa kuliko utumbo, au ngozi haikukaushwa kabla ya kubandika, na kwa jasho hili la huku unaachia. Amwage ukifika theluthi moja, asisubiri ujae. Mimi nilivaa mkanda wa kitambaa juu yake, na yeye ni fundi, ajishonee wa kwake, upana wa kiganja, kitambaa cha pamba laini chenye kuvutika, na tundu la mfuko kupita. Hiyo kazi anaweza kuifanya akiwa amesimama kwenye meza ya kukatia.

Sigara aache. Hapa sina maneno laini, inabana mishipa ileile ambayo mionzi imeshaibana.

---

nesi_wa_vidonda alijibu:

Kaka 8.9 ni chini kwa mtu anayetakiwa kujenga nyama, mrudishe kliniki kabla ya tarehe yake waangalie damu na protini, waambie wazi kwamba alikuwa hali. Wasipoambiwa wataendelea kutafuta tatizo kwenye kidonda wakati tatizo liko kwenye sahani.

Na Jumapili lazima afungwe. Gozi ya Jumamosi ikilala mpaka Jumatatu na joto hili ni jipu linatengenezwa. Mwombe nesi wa zahanati amfundishe mtu mmoja ambaye baba mwenyewe atamchagua, yeye achague.

Halafu anzeni daftari. Kila Jumatatu nesi akipima kina kwa kijiti safi mwandike, na idadi ya gozi kwa siku. Kwa macho ya kila siku hamuwezi kuona mabadiliko mtakata tamaa bure, namba inaonyesha.

---

KijanaWaSegerea alijibu (baada ya wiki 5):

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho, samahani nimechelewa, kuuguza kunakula muda.

Kliniki walimwongeza damu chupa 2, wakampa vidonge vya madini ya chuma, na picha ilipigwa, hakuna kansa wala mfuko wa usaha, ni shimo tu linalotakiwa kujaa. Sigara wiki tatu hajagusa, hasira anazo ila tunavumiliana. Mama anakaa naye mezani mpaka mwisho na mdogo wangu kahamishiwa kula jikoni. Mkanda alishona, wa kwanza ukabana akaufumua, wa pili ndo anauvaa, na kuna mgonjwa mwenzake kliniki kauona kaomba wake kwahiyo ameshapata kazi moja ya kusimama.

Jumapili alimchagua mama. Mama Zuu la kanga na redio tulilichukua kama lilivyo.

Kukaa ameshafika dakika 25 kwenye mto. Cherehani bado, tumemnyanyulia meza anakata nguo amesimama na kijana wake wa kazi ndo anashona.

Daftari anaandika mwenyewe, hataki mtu amwandikie. Ameweka kwenye lilelile daftari lake la vipimo vya wateja, katikati ya kiuno cha mtu na urefu wa suruali ya mtu kuna ukurasa wake, na sentimita hataki anaandika kwa inchi kama alivyozoea. Siku ya kwanza 3 na nusu. Jumatatu iliyopita 2 na robo. Leo 2 kasoro kidogo, gozi zimeshuka kutoka 4 mpaka 2 kwa siku.